Nyumba Namba 40, Milango Miwili

2 Mei

Dada mteja,

Salamu kwanza, maana lawama zinafuata. Viatu vya binti yako vimerudi. Viko mbele yangu kwenye meza ya kukatia ngozi, boksi halijabanduliwa hata gundi. Mpeleka mizigo ameandika: "Nilisubiri nje saa nzima. Mpokeaji hakutoka."

Nilimpigia simu kwa hasira. Nikamwuliza, wewe mikono huna? Mlango si unagongwa? Akanijibu kwa upole ulionimaliza kabisa: "Mama, anwani yenyewe inanikataza kugonga."

Nikavaa miwani, nikaisoma lebo. Kweli! Umeandika: "Nyumba namba 40, ile yenye milango miwili ya rangi ya maziwa, wa kwanza usigonge". Basi, ukaishia hapo. Mume wangu, ambaye ndiye mfungaji wa mizigo yetu, anasema labda una mbwa mkali. Mimi nasema labda una mtoto mchanga asiyepata usingizi. Tutoe kwenye mafumbo, dada yangu. Uliponiagiza uliniambia binti ana siku ya majaribio tarehe 30, na viatu vya kusawazisha mguu mfupi havivaliwi asubuhi ya kazi kama kofia. Lazima avizoee kwanza. Nipe anwani ya kueleweka nivirushe upya leo leo.

Fundi Viatu


3 Mei

Fundi,

Shikamoo kama unastahili, na kama hustahili basi habari za kazi.

Mbwa sina, wala mtoto mchanga. Mimi niliandika maneno yote, kile kisanduku cha anwani kikameza nusu. Niliandika hivi: mlango wa kwanza usigonge kabisa, pita, ukunje kushoto, gonga wa pili wenye kitasa kipya, na ukikosa jibu usiulize kwa jirani, subiri. Kuna ugumu gani hapo?

Ni kweli mchana hatupo. Mimi ni dobi wa hoteli, nanyoosha mashuka tangu asubuhi, na simu tunaziacha kwa mlinzi. Binti yuko kwenye masomo ya ziada. Lakini mpeleka mizigo akija jioni atatukuta.

Fundi, hii siku ya majaribio usiione ndogo. Chuo cha uuguzi kinawatembeza wodini saa sita mfululizo, kusimama na kutembea, hakuna kukaa. Mwaka jana kiuno kilimkamata saa ya nne, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, dakika moja tu. Wakamkata jina. Na wanaruhusu kujaribu mara mbili tu, hii ndiyo ya pili. Akikosa, amekosa.

Mama wa Mlango wa Kushoto


5 Mei

Mama wa Kushoto,

Marahaba, nastahili. Nina miaka sitini na miwili, na thelathini na sita kati ya hiyo nimeimaliza juu ya soli.

Kisanduku cha anwani kina nafasi ya herufi themanini tu, wewe umekiandikia hadithi. Kwa hiyo nimekufupishia mwenyewe. Nimeandika "Nyumba namba 40", nukta. Nyumba moja ina milango mingapi kwani ya kumpoteza mtu mzima? Maneno mengi ndiyo yanayowachanganya hawa vijana wa pikipiki.

Jambo moja tu ulijue. Hili soko la mtandaoni lina sheria: mzigo ukirudi mara tatu, anwani inafungwa, na hakuna muuzaji tena anayeruhusiwa kuitumia. Umerudi mara moja. Lakini usitie shaka, kazi yangu haijawahi kurudi mara ya pili tangu niingie humu.

Fundi Viatu


13 Mei

Mama wa Kushoto,

Nimejitia kiburi mapema. Viatu vimerudi mara ya pili.

Safari hii vilipokewa. Namba 40, saa nne asubuhi, sahihi imewekwa. Siku mbili baadaye mtu akavipeleka mwenyewe kwenye ghala la wasafirishaji na kuwaambia, "Mmekosea mlango." Nikafungua boksi nikague, nikakuta limeshafunguliwa na kufungwa upya, tena vizuri kuliko anavyofunga mume wangu. Kamba za viatu zimefungwa fundo nisilolijua. Ndani ya kiatu cha kushoto kulikuwa na karatasi. Naiandika kama ilivyo:

"Soli hii ndefu mno. Tatu na nusu inamtosha. Tano itamvunja kiuno. Gundi yenu nzuri."

Dada, nilipandwa na mori! Mimi, nisahihishwe kwa kalamu ya risasi na mtu asiye na jina? Niliikunjakunja ile karatasi nikaitupa chini ya cherehani. Nikanywa chai. Kisha nikainama nikaitafuta, maana ukweli ni kwamba mtu asiyejua viatu hawezi kuandika "tatu na nusu". Angeandika "ndefu" akanyamaza.

Sasa nijibu mambo mawili bila kuzunguka. La kwanza, hizo sentimita tano ulizonitumia ulizipimaje? La pili, huyo jirani ni nani?

Fundi Viatu


14 Mei

Fundi,

Nilimlaza binti kitandani, nikashika utepe, nikapima kila mguu kutoka nyongani hadi kifundoni. Mguu wa kushoto umepungukiwa sentimita tano kamili. Nilirudia mara mbili.

Na yule si jirani. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Nilikuficha kwa sababu mambo ya ndani hayaandikwi kwenye fomu ya oda. Nyumba aliwaachia mama yao, tukaigawa kwa ukuta katikati. Yeye mlango wa kulia, sisi wa kushoto. Anashona zipu na begi za watu sebuleni kwake, yuko nyumbani mchana kutwa, na miaka minne sasa hatusemeshani. Mume wangu anafanya kazi mbali. Akirudi likizo hula mchana kwa dada yake na jioni kwangu, hasemi lolote kwa yeyote.

Chanzo ni kiatu. Binti alipokuwa na miaka kumi na tatu, wifi alichukua soli tatu za kandambili kuukuu, akazigandisha na kuzipigilia chini ya sandali. Soli zenyewe moja nyekundu, moja bluu, moja ya kijani. Mtoto akaivaa shuleni wiki nzima akifurahi, mpaka wenzake wakambandika jina la Kigoda. Alirudi analia. Mimi nikaichukua ile sandali nikaitupa jaani, wifi ananiona. Akasema, "Siku mkinihitaji, mlango mnaujua." Nikamjibu, "Hatutauhitaji." Basi, ndiyo mpaka leo.

Sasa umeona roho mbaya ilivyo? Mzigo umefika mikononi mwake, akaurudisha makusudi! Tuma tena Fundi, nakuomba, andika "mlango wa kushoto" kwa wino mwekundu.

Mama wa Mlango wa Kushoto


16 Mei

Kwa Bibi wa Mlango wa Kulia, Nyumba Namba 40

Hujambo, mwenzangu katika kazi. Barua hii nimeiweka juu ya viatu kusudi uione kabla ya kuchukua kalamu yako ya risasi.

Mimi ndiye fundi uliyemsahihisha. Umenisahihisha sawasawa. Mama mtu alimpima mtoto akiwa amelala, na mimi nikachukua namba kwenye fomu nikaishona kama ilivyo, kwa sababu ukiuza mtandaoni unasahau kwamba mwisho wa waya kuna mtu mwenye kiuno. Mguu mfupi hupimwa mtu akiwa amesimama. Unaweka vibao chini ya unyayo kimoja kimoja, mpaka mifupa ya nyonga iwe sawa. Mwili ulioishi hivyo miaka kumi na saba umeshajipinda kwa namna yake, ukiuinua wote kwa mkupuo unauumiza. Hili nililijua. Wewe ulilijua bila kufundishwa, kwa soli za kandambili, na nimelisikia lote.

Nimebandua ile soli ya sentimita tano. Humu utakuta tabaka nane za mpira, kila moja nusu sentimita, hazijagandishwa. Gundi iko kwenye kopo. Msimamishe, anza na tabaka sita, ongeza au punguza mpaka uridhike, atembee nazo siku mbili, kisha ndiyo ugandishe. Mimi niko mbali, siwezi kumwona anavyotembea. Mama yake anamwona kwa jicho la mama, na jicho la mama halipimi. Umebaki wewe.

Ukirudisha boksi hili, itakuwa mara ya tatu, na anwani ya nyumba yenu yote inafungwa, kulia na kushoto. Binti hatapata viatu kabla ya tarehe 30. Sikutishi, nakuhesabia tu.

Fundi Viatu


16 Mei

Mama wa Kushoto,

Wino mwekundu sikutumia. Nimeandika "Nyumba namba 40, mlango wa kulia", jina la mpokeaji wifi yako. Nimeshatuma, kwa hiyo kasirika polepole.

Karatasi ile haikuandikwa kwa roho mbaya. Mwenye roho mbaya angekaa kimya, akaacha mtoto avae soli ya sentimita tano na kuanguka wodini. Nilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, nami sikutaka kuipeleka kwenye mlango ambao mchana hauna mtu.

Fundi Viatu


18 Mei

Fundi,

Ulikuwa na haki gani? Mimi ndiye mteja! Nimelia mbele ya mashine ya kunyooshea mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeungua.

Umeweka maisha ya mwanangu mkononi mwa mtu niliyemwambia simhitaji. Akiurudisha, sitakusamehe. Na akiupokea, mimi nitamtazamaje usoni? Hilo hukulifikiria, wewe unafikiria nyonga tu.

Leo jioni nimekaa nyuma ya mlango wangu nikisikiliza. Pikipiki imekuja, imeondoka. Kwa upande wa kulia cherehani imesimama. Mpaka naandika haijaanza tena.

Mama


22 Mei

Fundi mwenzangu,

Barua hii nimeandika kwa karatasi, binti ameipiga picha na simu yake. Mambo ya kubonyeza vioo mimi siyawezi.

Kwanza, mumeo mwambie apunguze gundi ya karatasi kwenye maboksi. Nimevunja kisu.

Pili, uliuliza bila kuuliza kwa nini sikumwambia wifi mwenyewe. Ningemwambia ni ndefu, angekuagiza ya sentimita saba kwa kunikomoa. Namjua. Mimi pia ningefanya hivyo. Ndiyo maana nikakuandikia wewe.

Mzigo ulipofika nilikaa nao tangu jioni hadi kesho yake jioni. Nisikufiche, nilitaka wao waje kugonga. Miaka minne nimengoja wagonge. Nikasoma tena ulipoandika "umebaki wewe". Nikabeba boksi, nikatembea zile hatua kumi na moja, nikaliweka mlangoni kwao, nikagonga, nikarudi mbio kwangu kama mtoto aliyeiba embe. Mimi, na magoti haya!

Binti akanifuata. Nikamwambia hapa kwangu hapana mwanga wa kutosha, tupimie kwenu. Basi tukapimia sebuleni kwao. Mama yake alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili, lakini mimi na yeye hatukusemeshana. Alimwambia mtoto, "Mwulize shangazi yako kama anakunywa chai." Mtoto akaniuliza, nami nipo! Nikasema, "Mwambie mama yako nakunywa, sukari kidogo." Kikombe kilipita mikononi mwa mtoto. Mtoto ndiye amekuwa posta ya nyumba nzima.

Tabaka sita zilimpungukia, nane zilimzidi. Saba zimemkaa sawasawa, tatu na nusu. Mama yake alipiga magoti akashika nyonga zote mbili kwa viganja, akatazama, akatazama tena. Alijifunika uso akalia, nami nikajifanya natafuta kifuniko cha gundi.

Nimegandisha jana. Nimekata ukingo mwembamba wa ngozi ya begi nyeusi nikauzungusha kwenye tabaka, hazionekani. Safari hii hakuna wa kumwita mtu kigoda. Lile kosa la rangi lilikuwa langu, Fundi. Nililijua siku ile ile aliporudi analia, kiburi kikanizuia kusema.

Anafanya mazoezi ya kutembea barazani, mlango wake hadi mlango wangu, hadi mlango wake. Jana alitembea kwa muda wa saa mbili. Leo saa tatu na nusu, kisha kiuno kikauma kidogo. Zimebaki siku nane. Tuombeane.

Bibi wa Mlango wa Kulia


23 Mei

Bibi wa Kulia,

Kikiuma kidogo ndiyo vizuri, ni misuli inayoamka. Kikiuma sana, mlaze chali, magoti juu ya mto, robo saa. Asiruke hata siku moja. Mume wangu amesikia habari ya gundi na amenuna.

Hapa kazi zimenishinda. Najidunga sindano vidoleni kwa kuiwaza hiyo tarehe 30.

Fundi Viatu


30 Mei, jioni

Mpendwa Fundi,

Shikamoo. Hatujawahi kuandikiana mimi na wewe, ingawa unaujua mguu wangu kuliko daktari. Leo nimeomba niandike mwenyewe. Mama amesema, "Andika haraka kabla moyo wa yule mama haujapasuka." Shangazi amesema nianze na habari ya viatu.

Tulianza saa moja asubuhi, watu themanini na wanne. Mimi namba 61. Walitugawa wodini, kazi ni kutembea nyuma ya wauguzi, kushika, kubeba, kusimama. Wakaguzi wanapita na vibao vyao wakiandika. Saa ya kwanza niliwaza viatu tu. Saa ya pili nilisahau kama nimevaa viatu. Fundi, sijawahi kusahau mguu wangu tangu nizaliwe! Nilikuwa namwosha mikono bibi mmoja mgonjwa, akaniambia, "Wewe mwanangu unasimama vizuri." Nusura nimbusu.

Saa ya nne niliingoja kwa woga, ndiyo iliyonitoa mwaka jana. Ikaja. Kiuno kikauma. Kitanda kilikuwa hapo karibu, kitupu, shuka jeupe limenyooshwa. Mkaguzi mmoja akasimama akinitazama, ni yule yule aliyenikata. Nikamtazama na mimi. Nikachukua jagi la maji nikaenda kumjazia mtu wa mwisho wa wodi, nikarudi, nikaenda tena. Yule mkaguzi akaandika kitu akaondoka. Saa ya tano msichana mwenye miguu miwili mirefu kunizidi akakaa chini akivua viatu vyake. Mimi nilimaliza saa saba mchana nikiwa wima.

Majina hawasomi, wanasoma namba, palepale getini. Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini. Shangazi alikuja kwa njia yake. Walisimama mbalimbali, mmoja huku mwingine kule, mimi katikati. Mama akaniambia, "Mwambie shangazi yako asimame kivulini." Shangazi akasema, "Mwambie mama yako jua la kwangu halimhusu." Mlinzi wa geti alicheka mpaka akavua kofia.

Msimamizi akatoka na karatasi. Wanachukua watu ishirini tu. Akaanza, mbili, saba, kumi na tisa, ishirini na nne. Watu wakaanza kupiga kelele huku na huku. Kila namba aliyosoma, Mama alisogea hatua upande wangu, na Shangazi alisogea hatua. Alipofika hamsini na tatu, akasita, akakohoa, akatafuta leso mfukoni. Fundi, kikohozi kile sitakisahau mpaka kufa. Akajifuta, akarudi kwenye karatasi.

"Sitini na moja."

Sikusikia namba nyingine. Mama alinirukia huku, Shangazi kule, wakanibana nikakosa pumzi. Tukawa tunarukaruka watu watatu kama mwili mmoja, mimi kati yao, nikiruka kwa miguu yote miwili. Ndipo nikamsikia Mama akipiga yowe:

"Wifi! Unanikanyaga!"

Hakunipa mimi nimfikishie. Alimwambia yeye mwenyewe, usoni.

Shangazi akajibu, "Nakukanyaga, na bado!"

Na wakaendelea kuruka.

Wako,
Mwanafunzi wa Uuguzi, Mwaka wa Kwanza